Kifuko cha Ningi

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tunavyowafundisha watoto. Sasa mvishe Machibya methali hiyo uone kama inamkaa. Machibya hakuficha maradhi. Aliyaimba uwanjani, mbele ya watu waliojaa hadi barabarani. Alichokificha ni dawa. Na kilichomuumbua hakikuwa kifo. Ulikuwa uzima wake, mashavu yale na mapaja yale yaliyong'aa kama ng'ombe wa masika.

Machibya alikuwa ningi, kiongozi na mtunzi wa ngoma ya Wagalu katika vijiji vya nje kidogo ya Bariadi. Kila mwaka, pamba ikishauzwa, Wagalu na Wagika, makundi mawili hasimu ya ngoma ya Kisukuma, hukutana uwanja mmoja, kila kundi upande wake, wakacheza kwa wakati mmoja. Hakuna refa wala kikombe. Kundi lililovuta watu limeshinda, lililokimbiwa limekufa. Kwa hiyo ningi haishi kwa sauti peke yake. Lazima awe na dawa ya kuvuta watu, na dawa ya Machibya ilikaa kwenye kifuko cha ngozi ya mbuzi kilichoning'inia kiunoni mwake. Mkono wa mtu mwingine haukuwahi kukigusa. Wachezaji wake walikiinamia kabla ya kuingia uwanjani, kama Wakatoliki wanavyopiga goti mbele ya tabernakulo.

Miaka kadhaa nyuma Machibya alikonda hadi suruali ikawa inamvaa yeye. Watu walipunguza sauti kila alipopita. Msimu mzima akatoweka, wakasema yuko kwa ndugu zake huko Nassa anasubiri siku yake. Msimu uliofuata akarudi amenenepa, akasimama katikati ya uwanja, akaimba wimbo ambao hata watoto wa chekechea wanaujua: Wagika mlinitupia, nyama mkala, mifupa mkaniachia, mzizi wa bibi umenirudishia nyama, njooni mnitazame. Siku ile Wagika walibaki na wapiga ngoma wao na mbwa wawili.

Apolonia alikuwepo. Alipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Alikuwa mjane, muuza dagaa sokoni Bariadi. Mumewe alikufa kwa ugonjwa ambao ukoo uliuita kurogwa. Yeye akaenda kupima, akaambiwa jina halisi la ugonjwa ule. Tangu hapo alimeza kidonge kila jioni, na sasa kipimo hakikuona tena kirusi kwenye damu yake. Dawa alizichukulia Lamadi, kule alikofuata dagaa wa ziwani, maana kwenye kliniki ya nyumbani angekaa benchi moja pamoja na nusu ya mawifi zake. Kopo alilijaza pamba lisilie, akalizika ndani ya gunia la dagaa. Nani atatia mkono kwenye gunia la dagaa kwa udadisi?

Mtu mmoja tu alijua: mdogo wake Mwandu, aliyekuwa na hali hiyohiyo, akimeza dawa hizohizo. "Dada, sisi ni mapacha wa kidonge," alizoea kumtania. Mwandu alikuwa mpiga ngoma mkuu wa Machibya, na mikono yake ilipendwa kuliko sura yake.

Mwaka huu, pamba ilipoanza kufunguka, Mwandu akaanza kukohoa. Kwanza Apolonia alisingizia vumbi. Kisha mdogo wake akalalamika kichwa, akaanza kukaa ndani mchana, dirisha limezibwa kwa kanga.

"Unameza?" Apolonia alimuuliza.

"Nameza nini?"

"Usinichezee, Mwandu."

Mwandu alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Akafunua kifua. Chale mpya, mbilimbili, zimepakwa unga mweusi. "Ningi ametuchanja wote tunaokaa mbele. Na wewe unajua, dawa mbili hazipikwi chungu kimoja. Ile nyingine imekwenda chooni."

"Kopo zima?"

"Zima. Lilipofika chini lilisema pwaa."

Apolonia akakaa kwenye kitanda bila kukaribishwa. "Ningi ndiye aliyekuambia uache?"

"Angeniambiaje wakati hajui nina nini? Akili yangu haitoshi? Yeye alikuwa hoi kuliko mimi, dada. Ulimwona kwa macho yako. Ulimpigia vigelegele."

"Nesi alitueleza sote wawili. Ukiacha dawa virusi vinaamka, na vikiamka mwili unabaki mlango wazi, kifua kikuu kinaingia, homa ya uti wa mgongo inaingia, kila kinachopita njiani kinaingia."

"Nesi huyo amewahi kujaza uwanja?"

Apolonia alitoka nje akasimama karibu na marobota ya pamba, amejikumbatia, na vigelegele vyake mwenyewe vilikuwa vinamlilia masikioni.

Wiki hiyohiyo alikwenda Lamadi. Alifika kliniki asubuhi, akakaa benchi la nyuma, kanga hadi puani. Mbele yake kulikuwa na mwanamume mnene, kofia ya pama imeshushwa usoni, koti kubwa mwilini utadhani yuko kwenye baridi ya Makete. Alipoitwa kwa namba yake na kunyanyuka, koti likafunguka. Kiunoni kulikuwa na kifuko cha ngozi ya mbuzi.

Apolonia alikitazama kile kifuko jinsi mtu anavyotazama nyoka kwenye kitanda cha mtoto. Alijiambia vifuko vinafanana. Mtu yule akaondoka kwenye dirisha la dawa na kopo, akazunguka nyuma ya tangi la maji. Apolonia akamfuata, miguu ikienda kabla ya akili. Kule nyuma mwanamume alivua kofia, akafungua kopo, akamimina vidonge vyote ndani ya kifuko, akakaza kamba, na kopo tupu akalitupa kwenye shimo la taka. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu anayefunga viatu vyake.

Kwa hiyo ndicho walichokuwa wakikiinamia. Uwanjani njuga za miguuni zililia, vidonge vikalia ndani ya sauti ya njuga, na hakuna aliyesikia.

"Mwangaluka, ningi."

Machibya aliruka. "Mwangaluka, mayu," aliitikia, akimwita mama kwa heshima, maana salamu ya asubuhi hujijibu yenyewe kabla ya hofu kufika. Kisha akamtambua. Mkono wake ulifunika kifuko.

"Tangu lini?" Apolonia aliuliza.

"Tangu mwaka ule niliotoweka. Hapa ndipo niliponenepa."

"Na mzizi wa bibi?"

Machibya alitazama chini. "Bibi yangu alikufa kabla sijazaliwa."

Apolonia alimsogelea. "Ulimchanja Mwandu na nini?"

"Mkaa. Na majani ya mkwaju. Si kitu cha kumdhuru mtu."

"Ametupa dawa zake chooni kwa ajili ya mkaa wako! Mwandu ana virusi kama wewe, kama mimi. Anakufa, Machibya. Kichwa kinampasuka, mwanga hautaki, mdomo umejaa ukungu mweupe kama mkate uliooza."

Ningi alikaa kwenye jiwe, taratibu, kama mzee. Akasugua goti lake. "Sikumwambia aache," alisema.

"Ulimwimbia."

"Apolonia..."

"Njoo umwambie. Wewe na yeye, chumbani, mlango umefungwa. Mwonyeshe kifuko. Hakuna mwingine atakayejua."

"Mwandu ana mdomo kama ngoma yake, ukiugusa unasikika Maswa. Ningi akiugua kama watu na kupona kama watu, ni mtu kama watu. Nani atamfuata? Nitamwambia. Msimu ukiisha nitamwambia, nakuapia."

"Msimu ukiisha hatakuwepo."

Machibya alinyanyuka, akavaa kofia. Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu anayemkumbusha mwenzake alikosahau mzigo. "Na wewe ukisema umeniona hapa, watakuuliza ulikuja kufanya nini. Ukoo wa marehemu bado unakuacha ukae kwenye ile nyumba, si ndiyo?"

Apolonia alirudi kwenye foleni. Nesi Goodness, aliyemhudumia tangu mwanzo, alimkabidhi dawa zake na kumtazama mara mbili.

"Nesi, nikimwona mtu hapa..."

"Hapa hakuna mtu unayemwona. Ukivuka lile lango hujamwona yeyote, na yeyote hajakuona wewe. Ndiyo sababu mnakuja."

"Na kama kunyamaza kunaua?"

Nesi aliviringisha kalamu. "Mlete huyo anayekufa. Leo, kesho, saa yoyote, kliniki yoyote. Mambo yake tu ndiyo uyabebe. Ya mwingine yaache."

Apolonia akajaribu. Mungu ndiye shahidi, alijaribu. Alimpikia Mwandu uji, akambembeleza, akamtukana, akamlilia, akamwita mama yao kutoka Malampaka, naye akalia mpaka akachoka. Bodaboda ililetwa mlangoni mara mbili, Mwandu akajishikiza kwenye nguzo ya kitanda. Hata jina la Machibya lilimfika Apolonia mdomoni, akalimeza. Angemwambia, Mwandu angesema dada amenunuliwa na Wagika.

"Niacheni," Mwandu alisema, macho yamefumbwa. "Siku ya uwanja ningi atanigusisha kifuko. Nitanyanyuka palepale, mtaona haya."

Siku ya uwanja ilifika. Vumbi lilisimama juu ya Bariadi tangu asubuhi, watu wakaja kwa baiskeli, kwa malori ya pamba, kwa miguu. Wagika upande wa barabara, Wagalu upande wa mibono. Mwandu aliletwa kwenye pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili kama gunia. Wakamkalisha nyuma ya ngoma yake. Alipiga kidogo, mapigo yakakosana, mikono ikalala juu ya ngozi. Mtu mwingine akachukua fimbo. Mwandu akabaki amekaa chini, shingo ngumu, anamfuata Machibya kwa macho.

Machibya alicheza siku ile kama amekopa miguu ya vijana wawili. Watu walikuwa wanavuka kutoka kwa Wagika, makundi kwa makundi. Akazunguka uwanja, akafika mbele ya Mwandu. Mwandu akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kile kifuko.

Ningi alimwona. Apolonia, aliyesimama hatua chache pale kando, aliona kwamba alimwona. Kisha Machibya akageuza uso, akapita, akapandisha wimbo. Mzizi wa bibi umenirudishia nyama.

Basi.

Ngoma ikinoga, yeyote ana haki ya kuingia uwanjani kumtuza ningi, kwa kitenge, kwa soda, kwa noti ya kubandika kwenye paji la uso. Apolonia aliingia akicheza, mabega yakitikisika, mkono mmoja kifuani. Watu wakashangilia.

"Mama Dagaa! Mtuze, mama! Leo anatoa gunia zima!"

Alifika mbele ya Machibya, akapiga goti kama desturi, akachomoa kifuani kopo lake. Pamba alikuwa ameitoa asubuhi ile. Akalitikisa, na likalia kwa sauti kavu, kali, sauti ambayo wengi pale uwanjani waliijua vizuri kuliko walivyotaka kuonyesha. Mpiga ngoma akapoteza mapigo.

"Hizi ni zangu," Apolonia alisema. Hakupiga kelele, ila sauti ya muuza dagaa haihitaji kipaza. "Nina virusi, mume wangu alikufa navyo, na mimi niko hai kwa sababu ya hizi. Sasa wewe, ningi. Tulikuwa foleni moja kliniki ya Lamadi. Mwambie Mwandu unaishi kwa nini."

Uwanja wote uliganda. Kuna mtu alikuwa anafungua soda. Chupa ilibaki mdomoni.

"Mwanamke huyu ametumwa," Machibya alisema, midomo imepauka. "Ametumwa na Wagika."

"Kweli!" ilitoka sauti nyuma ya ngoma. Ilikuwa ya Mwandu. Alikuwa amesimama, ameshikilia ngoma kwa mkono mmoja, jasho linamchuruzika. "Dada, unaniaibisha. Ningi, waonyeshe mizizi. Fungua waone, tumalize."

"Kifuko hakifunguliwi."

"Leo kifungue. Kwa ajili yangu."

Machibya alirudi nyuma. Mwandu akamfuata, hatua mbili, tatu, akapepesuka, na katika kuanguka akakamata kitu cha karibu. Kamba ilikatika.

Vidonge vilimwagika kwenye vumbi. Vyeupe, virefu, vyote sawa, kila kimoja na alama ndogo ubavuni. Viliviringika hadi kwenye miguu ya wachezaji, nao wakaruka kando kana kwamba vingewauma. Mwandu alikuwa chini, kimoja kimekaa kwenye kiganja chake. Alikitazama. Alikijua. Alikuwa amemeza kama hicho miaka na miaka.

"Ni chetu," alisema kwa sauti ya mtoto. "Dada, ni chetu."

Upande wa pili Wagika waliacha kupiga. Hata wao. Kisha watu wakaanza kuondoka, bila mzomeo, wakivuka kwenda upande wa barabara mmoja mmoja, kama maji yanayotafuta njia, mpaka upande wa Wagalu ukabaki mweupe. Wachezaji waliochanjwa walijishika vifua, wakitazamana.

Apolonia alipiga magoti tena, akaokota vidonge, kimoja baada ya kingine, akivipuliza vumbi kwa mdomo. Alichana ncha ya kanga yake, akavifunga humo, akampa Machibya.

"Nenda kliniki wakuangalizie kama bado vinafaa," alimwambia. "Usikose cha jioni."

Machibya alivipokea.

Mwandu alipelekwa hospitali kwa pikipiki ileile. Ilikuwa kama alivyoogopa Apolonia: uti wa mgongo umeshavamiwa, na kifua pia. Daktari alisema wamechelewa, ila hawajachelewa kabisa. Kwanza wangetibu kichwa, kisha kifua, na dawa za virusi zingerudi baadaye kwa mpango, kwa kuwa mwili uliokaa bila dawa haurudishiwi kwa pupa. Siku nyingi Mwandu hakumtambua mtu. Siku aliyomtambua dada yake alimtazama, akageukia ukutani.

Mwandu alipoweza kutembea kwa fimbo, sungusungu, baraza la ulinzi la kijiji, wakamwita Apolonia. Wanaume wa kijiji walikaa kwenye mashina ya miti, wanawake nyuma, chini. Mwenyekiti, mzee Ngassa, alisafisha koo. Shtaka ni kwamba Apolonia aliingia uwanjani kwa hila, akavunja dawa ya ngoma mbele ya wapinzani, akaanika siri ya mwanamume mwenye mji wake. Adhabu ilikuwa ng'ombe mmoja, na kupiga magoti mbele ya Machibya kuomba radhi. Akikataa atatengwa: hakuna atakayemsalimia, hakuna atakayempa moto, hakuna atakayenunua kwake.

"Dagaa wangu tayari hawanunuliwi," Apolonia alisema. "Wanakuja, wanagusa gunia, wanafuta mikono."

"Usinijibu kabla sijamaliza, mayu."

"Samahani, bhabha. Maliza."

Machibya alisimama, kiuno kitupu. Alikuwa amepungua, lakini kwa mawazo. "Mke wangu amerudi kwao," alisema. "Wachezaji wangu wanawachezea Wagika. Nilikuwa naogopa, ndiyo. Nani hapa haogopi? Siri yangu ilikuwa yangu."

"Ni kweli," Apolonia alisema. "Ilikuwa yako mpaka ulipoitungia wimbo."

Kati ya wanawake mtu alikohoa. Apolonia hakugeuka, ila alijua sababu: wawili kati ya wale waliofuta mikono walikuwa wamemfuata kwa siri, kila mmoja peke yake, kumuuliza kliniki ya Lamadi inafunguliwa siku gani. Mcheza ngoma mmoja aliyechanjwa pia alikuwa amekwenda kupima, akarudi akiwa mzima na hasira nyingi.

Mwandu aliinuka kwa fimbo yake. Shingo ilikuwa bado nyembamba, kichwa kikubwa juu yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha dada yake tangu uwanjani.

"Dada. Mimi ndiye niliyepona, nami ndiye niliyepoteza ngoma. Yule alikuwa baba yangu wa uwanjani. Omba radhi tu, yaishe. Ni neno. Neno halina uzito."

"Lilikuwa na uzito alipoliimba," Apolonia alisema.

Alisimama, akakung'uta kanga. Alimtazama mdogo wake kwanza, akaona macho yanayovumilia mwanga, mikono iliyotulia, mdomo usio na ukungu. Kisha akamgeukia mzee Ngassa.

"Ng'ombe nitamleta. Niliivunja ngoma na ngoma ina thamani yake."

"Ng'ombe bila radhi hapokelewi."

"Basi atabaki zizini."

"Apolonia, tutakutenga."

"Nitengeni. Nitapika kwa moto wangu, na jioni nitameza dawa yangu mlangoni, peupe, anayetaka aje aangalie. Machibya, nakuombea uzima. Ila radhi siombi. Sikuombi wewe, siwaombi Wagalu, na wewe, Mwandu, ukinisihi kwa machozi, bado siombi."